Hodi za Bujumbura

Bujumbura ilipokuwa bado inaitwa Usumbura, kulikuwa na wageni waliobisha hodi asubuhi ili waje kutazama sufuria. Walikuwa wanawake wa Kibelgiji, wafanyakazi wa huduma za jamii, na mara nyingi waliandamana na Waafrika waliofunzwa kazi hiyo. Waliingia, wakaangalia kitanda kimetandikwaje, mtoto mchanga amelazwa wapi, maji yamefunikwa au yako wazi, nguo za mume zimepigwa pasi au zimekunjwa tu. Walikuwa wametoka Foyer Social, nyumba ya mafunzo ya familia iliyofanya kazi mjini humo tangu 1946 hadi ukoloni ulipokaribia kuisha mwaka 1960. Mke wa karani, wa dereva au wa fundi alikwenda pale kujifunza kushona, kufuma, kupika, kufua na kulea mtoto mchanga. Nyumba iliyopendeza iliweza kushindanishwa na nyingine na kupewa zawadi.

Sitaki kuidharau kazi ile. Mwanamke aliyejua kushona gauni alikuwa na kitu mkononi siku mume alipofariki au alipomwacha, na mtoto aliyenyweshwa maji yaliyochemshwa alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufika miaka mitano. Haya si mambo madogo. Lakini Foyer ilikuja na picha yake ya familia ikiwa imeshachorwa Ulaya: baba mmoja mwenye mshahara, mama mmoja jikoni, watoto wao wenyewe, mlango mmoja unaofungwa. Mtaa uliokuwa ukibishiwa hodi haukuwa umejengwa hivyo.

Mji ule ulianzia kituo cha kijeshi cha Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Pamoja na askari walikuja wafanyabiashara, wapagazi, mafundi na wake zao, wengine kutoka Ujiji, wengine kutoka Maniema, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na dini ya wengi wao Uislamu. Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916 na baadaye kuupanga kwa rangi za watu, Waafrika waligawiwa mitaa yao: Buyenzi, iliyobaki ya Waswahili, na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Miaka ya 1950 ofisi ya ujenzi ya OCAF iliongeza nyumba za mpango kaskazini mwa mto Ntahangwa, mahali panapoitwa Ngagara, na mpaka leo wapo wazee wanaopaita Ngagara kwa jina la OCAF.

Buyenzi imepangwa kwa barabara zilizonyooka, zenye namba badala ya majina, lakini ukiingia ndani ya ua mpangilio ule unakwisha. Ua mmoja una milango mingi. Mtoto wa mlango wa tatu anakula mlango wa kwanza, anaogeshwa na bibi wa mlango wa pili, na akikosea anaadhibiwa na yeyote aliyemwona. Jioni anapelekwa chuoni kwa mwalimu kusoma Kurani, na mwalimu naye anajua nani ana baba na nani hana. Hii ndiyo iliyokuwa huduma ya jamii ya Buyenzi kabla ya yeyote kuiita huduma. Haikuwa na daftari, kwa hiyo mtawala hakuiona.

Asichokiona mtawala hukitoza kodi. Miji ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi ilikuwa na kodi maalumu kwa wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao, na mwaka 1950 ikaja amri ya kupiga marufuku ndoa za wake wengi. Katika Buyenzi mambo haya mawili yaligongana vibaya. Mjane aliyelea wajukuu, mtalaka aliyerudi kwa mama yake, mke wa pili aliyeolewa kwa sheria ya dini yake, wote waliweza kuandikwa kwenye orodha ya wanawake wasio na mume, na mtaani kila mtu alijua serikali ilimaanisha nini kwa neno hilo. Iliwaweka fungu moja na malaya. Wanawake wa Kiislamu wa Buyenzi walikasirika, na hawakuificha hasira yao. Walipiga kelele, walikataa kulipa, walidai heshima zao. Ni moja ya harakati za kwanza za wanawake wa mjini katika nchi ile, na inasikitisha kwamba vitabu vya shule vinavyosimulia uhuru wa Burundi huanza na wanaume na vyama vyao. Wanawake wale walikuwa wakitetea jambo ambalo Foyer Social haikulifundisha: familia inaweza kuwa na umbo lingine na bado ikawa familia.

Kisha siasa zikaja mbio. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyekuwa na marafiki wengi katika mitaa ya Waswahili, aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961. Uhuru ulifika Julai 1 mwaka uliofuata, na miaka kumi baadaye ikafika 1972. Kuanzia mwishoni mwa Aprili mwaka huo, baada ya uasi ulioua watu wengi kusini mwa nchi, jeshi na vijana wa chama tawala waliwasaka Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wauguzi, wafanyabiashara. Waliouawa walizidi laki moja. Baba aliitwa ofisini kwa swali dogo, akavaa koti, akaenda, hakurudi. Yatima wa mwaka ule walilelewa na shangazi na bibi zao kimyakimya, kwa sababu hata kumlilia marehemu kulikuwa hatari. Wengi walikua wakiambiwa baba amesafiri. Ukitaka kuelewa kwa nini vijana wa Bujumbura walikuwa wepesi kuwashwa moto miaka ishirini baadaye, anzia kwa watoto hao waliokatazwa kuuliza.

Agosti 1988 mauaji yalirudi, safari hii kaskazini, katika tarafa za Ntega na Marangara. Bujumbura ikaanza kutazamana. Upande wa kaskazini wa mji ulikuwa umejaa vijana: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha, Buterere. Wengi waliacha shule mapema na hawakuwa na kazi. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waksaveri, akiwemo padri Mwitaliano Claudio Marano, walijenga kituo kikubwa cha vijana, Centre Jeunes Kamenge. Mipaka yake ilikuwa mitaa hiyo sita. Kijana Mhutu, Mtutsi au Mtwa, Mkongomani au Mnyarwanda, Mkristo au Mwislamu, wote waliingia kwa lango lilelile.

Mtu anaweza kusema, viwanja vya mpira na maktaba ni nini mbele ya chuki ya vizazi? Naelewa swali hilo, na jibu langu liko katika jinsi kituo kilivyofanya kazi. Hakikuwaita vijana kuwahutubia kuhusu amani. Kilikuwa na mpira wa miguu na wa kikapu, kozi za lugha, vitabu, muziki, maigizo, baadaye kompyuta. Kijana alikuja kwa sababu alitaka kucheza au kujifunza Kiingereza, akajikuta timu yake ina mtu wa mtaa ambao mama yake alimkataza asipite. Ukitaka mpira uingie kikapuni lazima upige pasi, na pasi haiulizi kabila. Baada ya miezi mitatu unajua jina lake, dada yake anaitwa nani, na kwamba anachelewa siku za Jumanne kwa sababu huuza mkaa. Aliyejua hayo yote hakuweza tena kumwita jirani yake kwa jina la kundi lake tu. Alikuwa na jina lake mwenyewe.

Mwaka 1993 ulianza kwa furaha. Melchior Ndadaye alishinda uchaguzi wa Juni 1, akaapishwa Julai 10, rais wa kwanza Mhutu na wa kwanza kuchaguliwa na wananchi. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimuua. Mikoani Watutsi waliuawa kwa maelfu, jeshi nalo likaua Wahutu kwa maelfu, na vita vikaanza ambavyo vingechukua zaidi ya miaka kumi. Mjini kazi ya kutenganisha watu ilifanywa mtaa kwa mtaa. Ngagara, Cibitoke, Nyakabiga na Musaga zikabaki za Watutsi. Kamenge na Kinama zikabaki za Wahutu. Vijana wa Kitutsi waliojiita Sans Echec walitangaza siku za mji kufungwa, na aliyetoka nyumbani siku hiyo alihatarisha maisha yake. Upande wa pili kulikuwa na vijana wenye silaha vilevile. Watoto walijifunza ramani mpya: daraja hili huvuki, kona hii ukimbie, basi hili usipande.

Bwiza na Buyenzi zilijaribu kubaki zilivyokuwa. Zilikuwa mitaa ya mchanganyiko, na katika Buyenzi watu wa makabila yote walizoea kujiita Waswahili kabla ya kujiita kitu kingine. Machi 1995 mitaa hiyo miwili ilishambuliwa. Watu waliuawa na maelfu walibeba mikeka na watoto wakaelekea magharibi, wakavuka mpaka kwenda Uvira. Hata hivyo Buyenzi haikugeuka kuwa ya upande mmoja, na waliorudi waliikuta bado ina majirani wa kila namna. Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili, wengine wakitaja dini, wengine biashara, wengine lugha. Mimi naamini ua ulifanya kazi kubwa kuliko yote. Mtu uliyekula naye chungu kimoja tangu utotoni humkabidhi muuaji kwa shida sana.

Kamenge ilipata pigo kubwa zaidi. Katikati ya mwaka 1995 jeshi liliuzingira mtaa, wakazi wakakimbilia vilimani na nje ya nchi, nyumba zikabomolewa, mabati na milango yakaporwa. Kituo cha vijana kilibaki kimesimama katikati ya mtaa usio na watu. Hapo ndipo wengi wangefunga na kurudi kwao. Waksaveri hawakufunga. Watu walipoanza kurudi, vijana wa mitaa sita waliitwa kwenye kambi za kazi wakati wa likizo, wafyatue matofali na kusaidia kuinua nyumba. Fikiria kijana wa Ngagara akibeba tofali kwenda kujenga nyumba ya mtu wa Kamenge, mwaka mmoja au miwili baada ya watu wa mitaa yao kuuana. Hakuna hotuba inayoweza kufanya kazi ya tofali hilo. Mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood ya Sweden, inayojulikana kama Nobel mbadala, kwa ujasiri wake wa kuvuka mgawanyiko wa kikabila.

Wakati huohuo familia za Bujumbura zilikuwa zikivunjwa na kitu kingine kisichobeba bunduki. Ukimwi uliingia mjini tangu miaka ya 1980, na uliua wazazi vijana wakati nchi nzima ikihesabu maiti za vita. Jeanne Gapiya alimzika mtoto wake mchanga na mume wake. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa walioanzisha ANSS, chama cha kuwasaidia wenye virusi, na katikati ya muongo huo alisimama kanisani na kusema mbele ya watu wote kwamba anavyo virusi. Kabla yake hakuna Mrundi aliyewahi kutamka hivyo hadharani. Siku hizo mgonjwa alitengewa sahani, watoto wake wakafukuzwa uani, mwenye nyumba akadai chumba. Neno lake lilifungua mlango ambao hakuna bango la wizara lililoweza kuufungua. Wanawake waliokuwa wakijificha wakaanza kumtafuta usiku, kisha mchana. Chama kikapata kituo chake mjini kilichoitwa Turiho, neno la Kirundi lenye maana ya tupo, tungali hai. Chama kingine, FVS, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilifuata yatima hadi majumbani na kukusanya majirani katika vikundi vya mshikamano, kila mmoja akiweka kidogo kila wiki ili mtoto wa marehemu apate daftari na dawa.

Redio nayo ilibisha hodi. Studio Ijambo, iliyoanza kazi Bujumbura mwaka 1995, ilikusanya waandishi Wahutu na Watutsi katika chumba kimoja, na mwaka 1997 mwandishi wa tamthilia Marie-Louise Sibazuri akaanza kuiandikia mchezo wa mfululizo, Umubanyi niwe umuryango. Jina hilo ni methali ya Kirundi: jirani ndiye jamaa. Mchezo ulihusu familia mbili za makabila tofauti zinazoishi ubavu kwa ubavu, na uliendelea kwa mamia ya vipindi. Watu walizingira redio ya betri uani, wakacheka, wakagombana juu ya wahusika kama wanavyogombana juu ya ndugu zao. Katika mji ambao jirani alikuwa ndiye tishio la kwanza, jina lile peke yake lilihitaji moyo kulitamka.

Vita viliacha jeraha jingine ambalo lilizungumzwa kwa minong'ono tu. Mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua Bujumbura kituo cha kuhudumia waliobakwa, Seruka. Kwa Kirundi neno hilo lina maana ya kujitokeza. Huduma ilikuwa ya siri na bila malipo: matibabu, dawa za kuzuia maambukizi zinazopaswa kuanza ndani ya saa 72, mtu wa kuzungumza naye, na msaada kwa anayetaka kwenda mahakamani. Baadaye kituo kilikabidhiwa kwa chama cha Warundi wenyewe. Walioletwa wengi walikuwa watoto, na wengi wao walikuwa wameumizwa na mtu wanayemfahamu, mara nyingine mtu wa ua uleule. Nimeusifu ua wa Bujumbura, kwa hiyo ni haki niseme na hili. Ua unaolea mtoto unaweza pia kumficha aliyemdhuru, wazee wakakaa kikao, mbuzi akatolewa, mambo yakaisha, na msichana akabaki kupishana na mtu yule kila asubuhi kwenye bomba la maji. Kwa msichana huyo huduma iliyo mbali na majirani ndiyo iliyomfaa. Seruka ililijua hilo.

Serikali iliyotokana na mapatano ya amani iliapishwa Agosti 2005 na mara moja ikafuta karo ya shule ya msingi. Mei 2006 matibabu ya watoto chini ya miaka mitano na huduma ya kujifungua vikafanywa bure. Madarasa yalifurika watoto wasio na madawati, wodi zikajaa akina mama wawili kwa kitanda kimoja, na walimu na wauguzi walilalamika kwa haki. Lakini kabla ya hapo mama aliyejifungua aliweza kuzuiliwa hospitalini wiki nzima kwa sababu ya bili.

Mwaka 2014 ulikuwa mbaya kwa mitaa ya kaskazini. Usiku wa kuamkia Februari 10 mvua kubwa iliteremsha maji na matope kutoka vilimani, watu zaidi ya 60 wakafa na maelfu wakapoteza nyumba za udongo walizozijenga upya baada ya vita. Waliofika kwanza kuvuta watoto kutoka kwenye tope walikuwa majirani na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Burundi, ambao una vikundi vyake mpaka vilimani na mitaani. Septemba masista watatu wazee wa Kiitaliano, Olga Raschietti, Bernadetta Boggian na Lucia Pulici, waliuawa ndani ya nyumba yao katika parokia ya Kamenge. Hata mdogo kati yao alikuwa na miaka zaidi ya 70. Walikuwa wamezeeka katika kazi ya kuwatembelea maskini wa mtaa huo, na aliyewaendea hakubisha hodi.

Mwaka uliofuata, Aprili 26, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, kiongozi wa serikali ile ya 2005, yalianza, na mitaa ileile ya miaka ya 1990 ikarudi kwenye habari: Musaga, Nyakabiga, Cibitoke, Ngagara. Wazee waliosikia risasi walifunga virago wakitarajia majirani wageukiane. Watu waliuawa, vijana wengi walikamatwa, na hofu ya kabila ilichochewa. Lakini kwenye vizuizi vya barabarani Wahutu na Watutsi walisimama pamoja, na mji haukukatwa vipande kwa kabila kama mara ile. Sithubutu kusema ni kwa sababu ya viwanja vya Kamenge au mchezo wa redio. Nasema tu kwamba waliokuwa na miaka 25 mwaka huo walikuwa watoto wadogo methali ile ilipoanza kusikika kila wiki uani kwao.

Watu zaidi ya 400,000 waliikimbia nchi. Mwezi Mei makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji chembamba cha Tanzania kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawafuata huko, na meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawachukua kwa mafungu hadi Kigoma. Katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, watoto waliofika bila wazazi walitafutiwa familia za kuwalea miongoni mwa wakimbizi wenyewe, watu waliokuwa na turubai moja na mgao mmoja wa unga. Kuanzia Septemba 2017 misafara ya kurudi ilianza. Mabasi yaliwashusha wazazi na watoto waliozaliwa kambini, watoto ambao Burundi waliijua kwa kusimuliwa tu. Wapo waliofika mtaani kwao jioni, wakabisha hodi kwenye nyumba waliyoijenga kwa mikono yao, wakaitikiwa karibu na mtu wasiyemjua. Shauri la nyumba lingechukua miaka. Usiku ule watoto walilala kwa jirani.